Nywele za Tumboni

Haya niliambiwa na Oresta Tweve mwenyewe, mwaka niliotolewa mtoto wa jicho. Tulilala vitanda jirani wodini siku nne, yeye kafungwa jicho la kushoto, mimi la kulia, na kwa kuwa tulikatazwa kuinama wala kucheka kwa nguvu, kazi ilibaki moja, kuongea. Siku ya kwanza alinisimulia wanawe. Siku ya pili akanyamaza kutwa. Siku ya tatu, tumeshakunywa uji, akasema, "Mwenzangu, mimi ndiye niliyemnyoa yule mamothi." Nikadhani dawa zimemzidi. Maana yule mnyama dunia nzima ilimjua, na dunia nzima ilimtukana aliyemnyoa, ila jina la mnyoaji hakuna aliyelishika.

Basi naandika kama alivyosema. Nisichokielewa nimekiacha hivyo hivyo kilivyokuja.

*

Kituo kilikuwa juu Makete, kwenye uwanda ambao mwezi wa sita na wa saba unaamka mweupe kwa sakitu, umande ulioganda, kama umemwagiwa unga. Kampuni ilipachagua kwa baridi hiyo. Oresta alikuwa mhudumu pale, yeye na shemeji yake Edom, mdogo wa marehemu mumewe. Zamani wote wawili walifuga kondoo, wakajua kuwakata sufu, na hilo ndilo lililowapatia kazi. Walitakiwa watu waliozoea manyoya.

Mamothi, kwa asiyejua, ni jamaa ya tembo wa nchi za barafu, mwenye manyoya marefu mwili mzima, aliyekwisha duniani zamani za kale. Oresta alimwuliza Dokta Ambokile, mtaalamu wa kituo, mara nyingi wamempataje tena, na Dokta alimjibu mara nyingi asielewe, mpaka siku moja Dokta akamkuta anafumua kola ya sweta.

"Ndivyo tulivyofanya," Dokta akasema. "Tumechukua mbegu ya tembo wa leo, tukafumua kola na mikono, tukafuma upya kwa kufuata mishono tuliyoikuta kwenye mizoga ya barafuni. Sweta ni lile lile la tembo. Kola ndiyo ya mamothi."

"Na uzi?"

"Uzi wa tembo."

Oresta akaridhika, hakuuliza tena.

Hiyo mbegu ilipandwa tumboni mwa tembo jike mtu mzima, aliyeletwa kwa lori kutoka mbugani huko chini kwenye joto. Makaratasi yalimwita Namba Nne. Alibeba mimba miezi ishirini na miwili, akazaa kitoto cha kike chekundu, nywele mpaka kwenye kope, na Edom alipokiona kinasimama akasema, "Mimi sikudhani." Jina likashika hapo hapo. Mtoto akiwa na jina mama naye anapata lake, kwa hiyo Namba Nne akawa Mama Sikudhani. Hata Dokta, msomi yule, alijisahau siku moja akiongea na wakubwa wake wa ng'ambo, akawaambia Mama Sikudhani hajambo.

Lakini kwa kweli hakuwa hajambo. Mtoto alitaka baridi, mama alitaka joto. Wakajenga nyumba yenye hita kwa ajili ya mama, na zizi wazi kwa ajili ya mtoto, katikati ukuta, na ukutani tundu la kupitisha mkonga. Mara sita kwa siku mama alitolewa nje kunyonyesha, kisha akarudishwa ndani. Saa zote zilizobaki walishikana mikonga kwenye lile tundu. Oresta alisema simenti ya pale ilisuguka mpaka ikang'aa.

Juu ya mlingoti kulikuwa na kamera isiyozimwa, yenye kipaza sauti, wao wakaiita Jicho. Watu wa nchi zote walikaa wakitazama yale manyoya yakipepea. Wengine walituma barua, wengine michoro ya watoto wao, na mama mmoja wa mbali sana alituma soksi nne alizofuma mwenyewe, kubwa kama ndoo.

"Wanatafuta nini hawa?" Oresta akauliza.

"Shemeji, wewe babu yako mzaa baba ulimkuta?" Edom akasema.

"Sikumkuta."

"Umesikia habari zake tangu hujaota meno. Leo ukiambiwa yule pale anakuja, anapanda mlima, hutatoka nje kutazama?"

Oresta akafikiri. "Nitatoka. Nitatoka na blanketi, maana atakuwa amechoka."

*

Mwezi wa saba mwaka ule baridi ilizidi, Mama Sikudhani akaanza kukohoa. Kikohozi cha tembo, Oresta alisema, unakisikia miguuni kabla hujakisikia masikioni. Dokta akasema ni mapafu.

Tabu ilikuwa hakukubali kukaa ndani. Alijifunza kuinua komeo kwa mkonga, akatoka, akasimama na mwanawe kwenye sakitu saa nzima. Wakaweka kufuli la umeme, linalofunguliwa kwa namba ama kwa simu ya Dokta popote alipo. Mama akaanza kugonga mlango kwa kichwa. Walimshonea mablanketi, akayavua na kuyakanyaga. Wakamwingiza mtoto kwenye joto, nusu saa haijaisha akajilaza chini na ulimi nje, na lile koti lake limemlowa. Wakapunguza moto wa hita, mama akatetemeka na mtoto bado anahema. Kumrudisha mama mbugani nako hakukuwezekana, kwa kuwa maziwa ya kopo yalimharisha mtoto siku tatu karibu afe.

Jumatano Dokta alikuwa anashuka Njombe kuwapokea wakubwa. Walikuja kwa ajili ya Jumamosi, siku ya kushika manyoya kwa mikono yao mbele ya Jicho.

"Mama, sindano kila baada ya saa sita," akamwambia Oresta, mguu mmoja umeshaingia garini. "Na asitoke tena, isipokuwa kunyonyesha."

"Akigonga?"

"Asitoke."

"Dokta, akigonga mpaka damu?"

Dokta alitazama usukani. Alikuwa mtu wa miaka sitini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Wakubwa wanasema ajikaze mpaka Jumamosi."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Dokta, tumnyoe mtoto aingie ndani na mama yake. Kondoo akizidiwa na joto tunamkata sufu."

"Unafikiri sijawaza? Mkataba unasema manyoya yasiguswe. Ndiyo mnyama wenyewe hayo manyoya. Ukiyatoa, mamothi yuko wapi?"

Akaondoka. Jioni ile Mama Sikudhani aligonga mpaka paji likachanika. Oresta akavumilia pigo la kumi, la ishirini, kisha akabonyeza namba, akamfungulia.

*

Alhamisi asubuhi, jua limeshatoka lakini halina nguvu, Oresta akawakuta wamesimama zizini, mgongo wa mama mweupe kwa sakitu, mtoto chini ya tumbo lake. Mama alipokohoa, povu lilitoka na uzi mwekundu ndani yake.

"Nikajua nimemwua kwa huruma," Oresta aliniambia. "Ningemwacha ndani angejiua kwa kichwa. Nimemtoa, anakufa kwa kifua. Kila nilichofanya kilikuwa kibaya, nikachoka, mwenzangu. Nikachoka hadi woga ukaniisha."

Akaenda stoo, akatoka na mikasi miwili ya kukatia sufu na jiwe la kunoa. Edom alikuwa anavunja barafu kwenye birika la maji.

"Shemeji, hiyo mikasi ya nini?"

"Nakwenda kumnyoa."

"Nani?"

"Yuko mwingine mwenye nywele hapa? Wewe una upara."

Edom akaweka sururu chini. Hakucheka. "Mama yake hajafa."

"Najua hajafa."

"Mtoto ananyolewa mama akifa. Wewe unamnyoa huku mama amesimama, anaumwa, anakutazama? Mbona unakiita kifo?"

"Mbona shuleni walitunyoa kila mwisho wa mwezi? Mama zetu walikufa?"

"Wangu alikufa."

"Alikufa ana miaka themanini na moja, Edom!"

"Lakini alikufa."

Oresta akacheka bila kutaka, na kile kicheko kikamuumiza mbavu. Kisha akaketi juu ya ndoo. Mkataba wa kampuni haukumzuia, wala kazi yake, wala Jicho. Neno hili la shemeji yake lilimzuia, kwa kuwa naye alikuwa analiamini. Kwao mgonjwa akiwa kitandani hakuna anayeshika mkasi ndani ya nyumba, hata kucha hazikatwi. Alipokuwa anamwuguza mumewe, Edom mwenyewe alikaa wiki saba hajanyoa ndevu.

Mama akakohoa tena, na maji ya birika yakatikisika.

"Edom," akasema mwishoni. "Huyu mtoto amewahi kunyolewa?"

"Anyolewe na nani?"

"Hizi nywele ni zile alizotoka nazo tumboni?"

"Ndizo hizo."

"Ana miezi mingapi?"

"Minane na siku kumi."

"Mtoto gani wa kwetu anafika miezi minane na nywele za tumboni kichwani?"

Edom akajikuna kidevu. "Hakuna. Watu watasema hana ndugu."

"Basi hatunyoi msiba. Tumechelewa tu kumtoa mtoto nje kwa kumnyoa nywele za tumboni, ndiyo maana mambo yote yamekwenda kombo."

"Nywele za tumboni ananyoa shangazi."

"Baba yake ni nani?"

"Labda mmoja wa wale wa kwenye barafu."

"Dada yake huyo wa kwenye barafu hawezi kufika leo. Nashika nafasi yake. Wewe kachemshe maji, yawe vuguvugu, na lete viazi vya jana."

Edom akaokota ndoo nyingine. "Shangazi gani anamkalisha mtu bila hata chai," akasema, akaenda kuchemsha maji.

*

Walimrudisha mama ndani baada ya kunyonyesha, kufuli likajifunga, wakamsogeza Sikudhani kwenye lile tundu. Mama akatoa mkonga, akaushika mkonga wa mwanawe, na hivyo ndivyo alivyonyolewa, ameshikwa mkono na mama yake. Edom alimlisha viazi kimoja kimoja huku akimwambia upuuzi wa kwao kwa Kikinga. Oresta alianzia katikati ya mgongo. Nje palikuwa na singa ngumu, ndefu mkono mzima, na chini yake sufu laini, nene, ya rangi ya kutu. Mkasi ulizama mpaka kwenye vidole. Alipofika kwenye ngozi aliikuta ya kijivu, ina mikunjo, ngozi ya tembo yeyote.

Saa tatu hivi kipaza sauti cha mlingotini kikakohoa.

"Mama Oresta! Unafanya nini?"

Hakuinua uso. "Shikamoo, Dokta."

"Weka huo mkasi chini! Simu zimenijaa hapa. Watu wanalia, unasikia? Watu wazima, huko waliko, wanalia."

"Wape pole."

"Nimeshafunga mlango kutoka huku. Nimebadilisha namba. Mtoto haingii ndani. Mfunikeni, mnisubiri."

"Unafika saa ngapi?"

"Saa saba."

Oresta akautazama ubavu wa Sikudhani. Upande wa kushoto ulikuwa wazi kutoka shingoni mpaka mkiani, na upepo wa uwandani ulikuwa umeanza. Ngozi ile iliyokuwa haijawahi kuguswa na hewa ikasisimka, ikawa vipele vipele. Akamwambia Edom alete mablanketi yote. Kisha akazunguka upande wa kulia, akaendelea kukata.

"Shemeji, acha basi hiyo nusu," Edom akanong'ona.

"Nusu ataivaa vipi?"

"Mama Oresta." Sauti ya Dokta ilikuwa imebadilika, imeshuka. "Nakuomba. Miaka kumi na tisa. Wenzangu watatu wamekufa tukiwa kwenye kazi hii. Kuna mmoja alitaka tu kuona manyoya yanasogea kwa upepo, akasema akiona hilo basi. Hakuona. Mimi nimeona kwa niaba yake. Usiniondolee."

Mkasi ukasimama. Oresta aliniambia hapo ndipo moyo ulipomlegea, maana hakumdhania Dokta kuwa mtu mwenye msiba.

"Zitaota, Dokta," akasema.

"Za kwanza hazirudi."

"Hata zako hazikurudi. Ukaota nyingine, ukasoma, ukawa mtu."

Oresta akakata. Sikudhani akaanza kutetemeka chini ya mablanketi, kwanza magoti, kisha mwili wote, kiazi kikamdondoka mdomoni. Akatoa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Mkonga wa mama ukapotea kwenye tundu. Halafu likasikika pigo la kwanza mlangoni.

Kipaza sauti kilikuwa wazi, kikasikika kinavuma, na pigo la pili likaingia humo, na la tatu, yakaenda mpaka Njombe, na kwa wote waliokuwa wanatazama.

Hili alinieleza taratibu, naona lilimkaa sana. Alijua tangu mwanzo kwamba mlango unatii simu ya Dokta. Ndiyo maana alianzia mgongoni, katikati, akakata haraka, ili litakapokuja neno la kukataza, pasiwe na kurudi nyuma. "Nilimtega yule baba," alisema. "Nilimwachia mambo mawili tu, afungue ama awaue wote wawili mbele ya watu. Mtu hafanyiwi hivyo. Nilifanya, na kesho ningefanya tena, lakini hafanyiwi."

Pigo la saba. La nane. Edom alikuwa amemkumbatia mtoto shingoni kwa mikono yote, macho kayafumba.

Kufuli likalia ta.

*

Dokta alifika saa saba kasoro dakika chache, peke yake, viatu vya mjini vimejaa matope. Zizini alikuta singa na sufu zimelala kama nyasi zilizofyekwa, upepo unazisogeza. Akasimama akizitazama zinavyosogea. Kisha akaingia ndani.

Hita zilikuwa zinavuma. Sikudhani alikuwa amesimama katikati ya miguu ya mbele ya mama yake, ananyonya. Alionekana mdogo, masikio makubwa kuliko yalivyodhaniwa, ana majeraha mawili ya mkasi paja la kulia, Oresta ameyapaka dawa. Mama alikuwa anampitishia mkonga mwili mzima, mgongoni, ubavuni, chini ya mkia, anarudia tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukikuta kipo.

"Ni tembo," Dokta akasema.

"Kola imetoka," akasema Oresta. "Sweta lipo."

Dokta hakutabasamu. Akatoa vyombo vyake, akapanda kijukwaa, akasikiliza kifua cha mama kwa muda mrefu, upande huu na upande ule. Akapima joto. Edom akamsogezea mama mgomba uliokatwa vipande. Alikuwa hajala tangu Jumanne. Akakitazama kipande cha kwanza, akakitupa. Cha pili akakiweka mdomoni.

"Wakubwa hawaji," Dokta akasema akiwa bado juu. "Wameniuliza ni nani aliyetoa amri. Nimewaambia ukweli."

"Umefanya vizuri."

"Wewe na shemeji yako hamna kazi kuanzia leo saa nane. Hita wamesema wataendelea kuzilipia mpaka nywele ziote. Hawataki wafe mbele ya watu wote. Mimi wamenibakisha, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua sindano."

"Na kifua?"

Dokta akashuka, akakaa kwenye gunia la sufu ambalo Edom alikuwa amelijaza, bila kujua amekalia nini.

"Kibaya. Lakini joto limeteremka kidogo, na anakula. Huyu hafi leo, Mama. Kesho sijui."

"Nimekufanyia ubaya, Dokta."

"Umenifanyia." Akavua kiatu kimoja, akakitazama, akachoka kuvua cha pili. "Kafungasheni basi."

Lakini hakuna aliyeondoka. Mama Sikudhani aliacha kutafuna. Akarudi nyuma hatua moja, akakunja miguu ya nyuma, kisha ya mbele, akajishusha polepole na mlio mkubwa wa pumzi, akalala ubavu. Siku thelathini na moja alikuwa hajalala chini, alikuwa anasinzia amesimama akiegemea ule ukuta. Edom akaruka, akidhani ndiyo mwisho. Dokta akaenda na kiatu kimoja, akapiga magoti, akaweka sikio bila hata kile chombo, akainua mkono kuwaambia wanyamaze. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka. Ilikwaruza, lakini ilikwenda hadi chini na kurudi. Mtoto akamzunguka, akajilaza mgongoni mwake, ngozi kwa ngozi.

"Amelala," Dokta akasema.

Akarudi kwenye gunia lake, na kabla hajamaliza kuegemea alikuwa naye amekwenda, mdomo wazi. Edom alisema anajinyoosha kidogo tu karibu na hita, kisha waende wakafungashe. Akaweka kofia usoni. Mara akakoroma.

Oresta alibaki. Jua la mchana lilipita kwenye lile tundu la ukutani, likaanguka sakafuni. Saa nane ilifika, akaisikia saa ya Dokta ikilia mkononi mwake, hakuna aliyeamka. Akahesabu pumzi za mama mpaka ishirini, akapotea, akaanza tena. Akachukua lile blanketi la mwisho, kubwa, alilomshonea mama akalivua, akajifunika mwenyewe na kuuweka mgongo ukutani. Akahesabu tena. Alifika kumi na moja, usingizi ukamchukua.